Ardhi Moja

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Betri,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu naye, kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu hunikumbusha kila jioni kwamba cherehani na miaka hamsini havipatani. Mama anakula vizuri. Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu huwa yupo ubavuni mwangu, na mengine sitaki ayasikie.

Nianze na habari njema: kile kisanduku ulichomtengenezea cha kumkumbusha dawa, sasa kinasema mara tatu kwa siku.

Unajua daktari aliongeza tembe ya saa saba mchana. Unajua pia mama hamezi kitu mpaka kisanduku kimwambie kwa sauti yako. Nikimpa mimi anafumba mdomo: "Mwanangu bado hajasema." Siku nne nzima tembe ya mchana ilibaki kisahanini. Nilimbembeleza, nikamnunia, siku moja nikalia. Wapi!

Basi nikafungua kompyuta nikiingizie ile programu mpya uliyotuma. Nikachomeka waya wa USB. Kompyuta haikuona kitu kabisa, na huku taa ya kisanduku inawaka kama inanicheka. Nilidhani maadamu taa inawaka, waya ni mzima. Kumbe taa inakula umeme wa ukutani, haina habari na waya wangu! Fundi simu wa hapo kona aliutazama mara moja tu. "Dada, huu ni wa kuchajia. Haupitishi maneno." Akaniazima wa kwake.

Kompyuta ikaanza kuona, lakini ikawa inaandika michoro isiyosomeka. Ndipo uliponitumia ule ujumbe wako: "Hakikisha kisanduku na kompyuta vina ardhi moja." Betri, cheka taratibu. Nilivitoa vyote viwili mezani nikaviweka sakafuni. Bado. Nikasema labda saruji haihesabiki, nikavipeleka uani kwenye udongo, nikatandika kitambaa visichafuke, na waya wa umeme nikauvuta kupitia dirishani. Mama akaniuliza naanika nini.

Fundi simu alinikuta nimepiga magoti pale uani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha kuwa hiyo ardhi, kwa lugha ya mafundi, ni ule waya mweusi wa kuunganisha kisanduku na kompyuta, niliouchomoa kwa mikono yangu mwenyewe siku napangusa vumbi. Niliona kisanduku kina umeme wake, nikajiuliza huu wa nini. Kumbe hata kila kimoja kiwe na umeme wake, bila waya ule haviwezi kuelewana. Tukakata umeme, tukaurudisha ule waya, tukawasha. Programu ikaingia kabla chai niliyompa fundi haijapoa.

Jana saa saba kamili ukasema, "Mama, dawa ya mchana. Na maji bilauri nzima." Akaitikia, "Haya, baba," akameza. Nilimkumbatia kwa furaha. Kisha akaninong'oneza, "Kijana huyu ana adabu. Ni wa nani?"

Mdogo wangu, nilimwachia nikamtazama usoni. Nikamwambia ni wako, mama, ni kitinda mimba wako. Akafikiri kidogo. "Sasa mbona haingii ndani?"

Sikulaumu. Mwenzio nimekaa naye miaka yote hii na bado anakusikiliza wewe, na wala sikuonei wivu, au nakuonea kidogo tu. Lakini njoo. Usingoje likizo ndefu. Njoo hata kwa wiki mbili tuwe ardhi moja, angali anaitikia sauti yako.

Msalimie sana wifi. Pacha waambie shangazi yao amewashonea sare za kulalia, na mikono nimeiacha mirefu kwa kuwa sijui wamefika wapi kwa urefu. Fundi simu anakusalimu, na kila akipita huuliza kama kompyuta imeshakauka. Mungu awafunike kwa mkono wake, akulete salama.

Mama amekaa hapa kando ya cherehani. Nimemwuliza nimwandikie nini yule kijana wa kwenye kisanduku. Amesema nikuambie mlango haujafungwa, sukuma tu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mshonaji