Kumfuata Mwanaisha Jangwani

Jumatatu, 10 Februari
Nazi nimekuna, unga umeumuka. Mahamri ya safari. Binti yangu Mwanaisha hajui kama naja. Kazi yake kupandisha wageni mlima, kwenye mbuga ya taifa huko jangwani. Mwaka jana aliteleza akavunjika mkono. Tangu hapo usingizi wangu wa mang'amung'amu. Jumamosi atia saini mkataba wa miaka miwili mingine. Sitaki. Narudi naye Likoni, inshallah.

Jumatano, 12
Nimefika. Mgongo si wangu. Mlima wenyewe ndio huu? Jiwe juu ya jiwe. Na watu watoka kwao, wapanda ndege, waje kulitazama. Chai yao kama maji ya kuoshea vikombe.

Aibu ya leo niiandike, nipumue. Penye jengo la kupokea wageni nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikasimama juani na mzigo wangu. Wageni wanipita, waingia kama ng'ombe zizini, hodi hawana. Mimi siingii kwa watu sijakaribishwa. Kichwa kikazunguka, nikakaa chini, pu! Askari mmoja, mwanamke wa bara, akatoka: "Mathe, si ungeingia tu?" Jengo zima la wageni, halina mtu wa kusema karibu!

Mwanaisha akaja mbio. "Shikamoo mama. Nani kafa?"
Hajafa mtu. Nikamshika ule mkono, nikalia.

Alhamisi, 13
Ndani ya jengo pana mlima mdogo wa plasta, juu ya meza. Mlima wenyewe uko hapo dirishani! Na fuvu la mbuzi wa mwitu kwenye sanduku la kioo. Kwetu fuvu la mbuzi hutupwa.
Nimemwambia Mwanaisha afunge nguo zake. Kaanza kukunja kamba zake za mlima. Namjua. Heri angenijibu.

Ijumaa, 14
Nimepanda na wageni wake, kidogo tu. Nataka nimuone akiteleza, nipate la kusema. Hakuteleza. Mimi ndiye niliyetambaa kama kaa.
Mzee mmoja mgeni, kofia kubwa akili ndogo, akaenda kusimama ukingoni apigwe picha. Mwanaisha akamwambia, "Baba, rudi." Hakupiga kelele. Mzee akarudi, mkia chini. Sauti ile ni yangu. Ila mimi nyumbani kwangu hata kuku hawanisikii.
Nimeogopa vilevile.

Jumamosi, 15
Upepo wa wendawazimu. Mchanga hadi kwenye meno. Mwanaisha kaweka fomu mezani, upepo waipeperusha. "Mama, nishikie."
Nikaishika, mikono miwili. Akatia saini.
Mahamri yalikuwa yamebaki mawili, tukala.

Jumatatu, 17
Nyumbani. Nimefua vumbi la kule, maji ndoo tatu.
Jirani kaja kuuliza mtoto yuko wapi. Nimemwambia yuko kazini. Na mlima je? Mbaya, nikamwambia.
Kisha nikaanika nguo.