Kiwanja kwa Jina Langu

Jumanne usiku

Mlio wa panga likigonga boneti ya gari haujanitoka masikioni.

Anton, mwekezaji wa kigeni ninayemtembeza, anachagua pa kujenga nyumba za kupangisha: Kilosa karibu na stesheni, au Mikumi kwa wafanyakazi wa hoteli. Kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi, kiwanja kingeandikwa kwa jina langu. Nilikubali.

Leo Kilosa muuzaji alituapia kuwa ukoo mzima umeridhia. Sikumuuliza ndugu yeyote. Mara kaka wa muuzaji akatokea kwenye mahindi, panga mkononi.

"Shikamoo, kaka," nilimsalimia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayenunua kaburi la mama yangu?"

Aliitikia kwanza, ndipo akapiga. Boneti, kisha mkono wa mdogo wake, yule muuzaji. Damu ilirukia kioo cha upande wangu.

Tulimkimbiza majeruhi hospitali. Hata hajashonwa, Anton akaniambia, "Basi tuchukue Mikumi. Utasaini kesho?"

Nilitamani lile panga liwe mkononi mwangu. Hilo linanitisha kuliko damu.

Nilichomoa nakala ya kitambulisho changu kwenye faili lake, nikaichana mbele yake, nikapanda basi la kurudi nyumbani. Kazi sina tena.