Madigadi ya Wifi

Jumamosi, 2 Mei

Wifi kaninunia! Tena si kununa kwa kuigiza.

Njia ya msituni leo ilikuwa uji mtupu. Mimi mbele na baiskeli yangu, yeye nyuma na yake, kama kila Jumamosi — mimi najua njia, yeye anajua umbea. Kufika darajani nikageuka nimwambie jambo, nikaona macho mawili na meno. Kwingine kote tope. Tope la tairi langu! Nikacheka mpaka nikashika mti. Hapo ndipo nilipoharibu.

Akatema mate. Akasema amekula tope langu vya kutosha, ameshiba. Nisipoweka madigadi nyuma, mashindano ya wawiliwawili Jumamosi ijayo atakwenda na Miwani — yule dada wa kikundi chetu cha baiskeli anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nikamwambia aende zake, na asisahau kubeba kijiko.

Kijiko! Mdomo wangu huu.

Jumapili, 3 Mei

Hajapiga simu. Mume wangu anasema dada yake hajui kununa, atakuja tu. Hajaja.

Nimesugua jezi mpaka vidole vikakunjamana. Mstari wa tope toka kiunoni hadi kisogoni, hautoki. Na mimi ndiye mpiga pasi wa duka la dobi! Wateja wakiniona nyuma watahama.

Jumatatu, 4 Mei

Nimepita kwa fundi baiskeli. Nilidhani madigadi ni madigadi. Kumbe!

Kanionyesha mbili. Moja fupi, kipande cha plastiki kinachobanwa chini ya siti, nyepesi, huioni. Nyingine ndefu, ina mkono unaofungwa kwenye bomba la siti, na mkia unaofunika tairi hadi kule nyuma. Halafu, huku anafuta mikono, akauliza: unataka kujikinga wewe, au na anayekufuata?

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mchana kweupe!

Maana fupi inaokoa makalio yangu tu. Tope lililobaki lote linaruka moja kwa moja kwa wa nyuma. Nikafikiria kidogo. Nikachukua fupi.

Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 5 Mei

Leo sicheki.

Mteja kaacha meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Seti nzima ya juu! Nimeyashika kwa koleo la nguo, yananitabasamia. Nikachukua simu nimpigie wifi kabla hata sijamwambia bosi — nikakumbuka tumenuniana. Nikairudisha mfukoni.

Nilipoolewa, kwenye ukoo ule mzima yeye ndiye wa kwanza kuucheka utani wangu. Wengine walinitazama kama mgeni aliyekalia kiti cha wenyewe. Yeye akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akaniambia nani hasemi na nani na kwa nini. Namkumbuka mno wifi yangu. Haya, nimeandika. Asije akajua.

Jumatano, 6 Mei

Nimerudisha fupi, nimechukua ndefu. Fundi kapandisha nyusi.

Akaeleza: baiskeli yangu ina springi nyuma, kwa hiyo nikikaa tairi linapanda kuelekea siti. Lazima nikae kwa uzito wangu wote, nidundedunde, ndipo apime nafasi ya kuacha kati ya tairi na madigadi. Dukani watu walikuwa wamejaa. Na wote wembamba! Sasa nidunde mbele yao, springi ishuke hadi chini, kila mtu aone? Nikakanyaga sakafu kwa ncha za vidole, nikabana pumzi, nikaikalia siti kama naogopa kuiamsha.

Fundi akauliza kama ndio uzito wote. Nikasema ndiyo, wote. Kwa sauti ya madaha kabisa.

Akafunga, akakaza.

Alhamisi, 7 Mei

Uwiii! Aibu!

Nimeijaribu asubuhi, naenda kazini. Barabara sawa, hakuna neno. Tuta la kwanza — prrrp! Tairi limegusa mkia wa madigadi. Sauti ile ile ambayo mtu mzima hukisingizia kiti. Tuta la pili, prrrp ndefu. Na pale kituo cha basi kuna shimo, na watu foleni nzima. Mzee mmoja akaniambia pole, mwanangu. Kwa huruma ya kweli!

Jioni nimemwonyesha mume wangu. Kacheka mpaka kalala sakafuni. Kisha anasema rudi kwa fundi aipandishe kidogo. Niende nikaseme nini? Kwamba jana nusu yangu niliiacha hewani? Siendi ng'o. Nimejaribu mwenyewe, nati haisogei, spana zetu zote hazienei.

Tope lakini haliruki hata tone. Nimepita dimbwi makusudi.

Nimemtumia wifi meseji: Nimeweka. Ndefu. Kaisoma. Kimya.

Jumamosi, 9 Mei

Niko chini ya turubai kwenye uwanja wa kuanzia. Mvua. Wamesema tusubiri, maji yamefunika daraja. Nimekuja na daftari ndani ya mfuko wa nailoni ili nionekane nina shughuli. Sina mwenza. Asiye na mwenza haanzi.

Wifi na Miwani wamekwenda kupasha misuli. Miwani mbele, hana madigadi ya aina yoyote.

Wanarudi. Macho mawili na meno! Nimeuma mdomo. Sicheki. Sicheki, wallahi.

Anasukuma baiskeli kuja huku. Hajanisalimia. Ameiegesha karibu na yangu, ameinama, anaitazama madigadi kama mnunuzi sokoni. Ameweka viganja viwili juu ya siti, ameikandamiza.

Prrrp.

Akakandamiza tena. Prrrp. Akaniuliza: wifi, ulijiinua kwa fundi, sio?

Nikasema kidogo tu.

Hakucheka. Kaenda meza ya waandalizi, nimemwona anaongea nao, karudi na karatasi iliyokunjwa na pini za kubania amezibana mdomoni. Ananiambia nisimame, nigeuke, nimpe mgongo. Sijui ni namba ya mashindano au ni karatasi ya kunichekeshea watu. Kwa huyu, yote yanawezekana. Nimegeuka. Naandikia juu ya siti, mwandiko unapinda.

Miwani anamwita kule kwenye mstari. Hajaitika.

Pini ya kwanza — kwenye nyama! Anasema tulia wewe, mbona kwa fundi ulitulia. Mabega yake yanatikisika, nayasikia mgongoni. Filimbi imelia, ananiambia leo pia mimi mbele. Pini ya pili —