Mafuta Yalikuwemo Tangini

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Septemba.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wale wawili wanaoniita shangazi kwenye simu bila kunijua sura. Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa baridi umepata nafuu? Sisi hatujambo kiasi. Mama anakula, ila siku hizi analala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Mashine yangu inasaga kama kawaida.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Miezi mitano imepita tangu tumzike Baba, na miezi yote mitano nimebeba neno lako. Ulilisema kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu, sebuleni, mbele ya watu kumi na tisa. Niliwahesabu. "Mtu ana mashine nzima ya kusaga, anashindwa kuchungulia tangi? Umembeba mzee mgonjwa bila mafuta!" Baba Mdogo akadakia, "Hapo umesema." Hakuna aliyeniuliza mimi. Tangu siku hiyo Mama hapandi pikipiki yangu. Kliniki anakwenda kwa miguu, kilomita nne na ushee, na mguu wake unaujua.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile niliweka lita nne kabla ya kumpakia Baba kumpeleka hospitali. Tuliondoka saa mbili na dakika thelathini na tano. Kilomita ya sita, katikati ya mlima, pikipiki ikakohoa mara tatu ikazima. Nikapiga kiki mpaka goti likafa ganzi. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, mkono kifuani. Mara akainuka, akapenyeza vidole chini ya tangi, akawa anapapasa. Nikadhani anatafuta pa kujishikilia. Nikautoa mkono wake, nikamwambia, "Baba, kaa, nitaiwasha mimi." Akanijibu, "Haya, mama." Zilipita dakika arobaini na tatu ndipo gari likasimama. Mengine unayajua.

Pikipiki ilibaki pale siku tatu. Walipoifuata, tangi lilikuwa tupu. Pikipiki iachwe barabarani siku tatu, wapita njia waache kunyonya mafuta? Lakini kwenu tangi tupu lilitosha kuwa hukumu.

Kwa muda mrefu sikutaka hata kuiona. Mwezi uliopita nikaipeleka kwa Fundi Namba Kumi. Tunamwita hivyo kwa kuwa kazi yoyote anaianza na spana namba kumi, hata ya kufungua soda. Akasafisha kabureta mara tatu, akabadilisha plagi. Kila mara inawaka vizuri, inanguruma pale gereji, nami nikifika kilomita ya sita inakohoa na kuzima. Nikiiacha saa nzima ipoe inawaka tena kama haijafanya kosa lolote. "Dada, hii ina kiburi tu," akaniambia. "Izoee." Nikamjibu kwamba sikuinunua iwe mume wangu.

Kusaga hakuna aliyenifundisha. Mashine niliijua kwa kuifungua, na hii nayo nikaifanya vivyo hivyo. Nilijaza tangi hadi shingoni, nikaiendesha mpaka ikazima, nikafungua skrubu ya chini ya kabureta pale pale njiani. Hata tone halikutoka. Tangi limejaa, kabureta kavu! Basi ugonjwa uko katikati, kwenye koki, kile kifungulio cha mafuta chini ya tangi. Koki ya pikipiki hii haifunguliwi kwa mkono. Injini ikizunguka inavuta hewa kupitia mpira mwembamba, na mvuto huo ndio unaoifungua mafuta yashuke. Mpira ukivuja, koki inajifunga, kabureta inabaki na kiu chini ya tangi lililojaa.

Nyumbani, ilipokwisha kupoa, nikauchomoa mpira upande wa injini, nikauvuta kwa mdomo. Mafuta yakashuka. Nikaumwagia maji ya moto, nikavuta tena. Hewa tupu. Ukipoa unashika, ukipata joto unaachia. Ndizo zile kilomita sita.

Nikiri jambo, Kaka. Nilipoanza kulegeza tangi nilikuwa na furaha mbaya. Likizo yako ya mwisho uliichokonoachokonoa pikipiki ile nikiwa kazini, ukasema umeirekebisha. Nilitaka nikukute wewe humo ndani. Maneno nilishayaandaa, na watu kumi na tisa wa kuyasikia.

Nikaliinua tangi. Mpira ulikuwa umepasuka zamani, ukaungwa kwa kipande cha mrija wa kalamu, ukafungwa kwa uzi pande zote mbili. Uzi wa viatu. Umepakwa nta, umezungushwa mara saba, fundo limerudi mara mbili, ncha imefichwa chini. Wewe na mimi tumekulia chini ya meza ya fundi viatu, tukiokota vipande vya uzi ule ule. Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Nta ilikuwa imeyeyuka, uzi umelegea.

Baba hakuniambia. Alikuwa akiichukua kwenda kununua ngozi, nadhani ikamharibikia njiani, akaiunga asije akanisumbua. Kwenye kiatu fundo lile lingeshika miaka kumi. Kumbe pale mlimani hakuwa akitafuta pa kujishikilia, nami nikautoa mkono wake.

Nimeweka mpira mpya wenye vibanio vya waya. Nimeujaribu kilomita thelathini na mbili, mlima ule mara nne. Haijakohoa.

Sasa nataka kitu kimoja kwako. Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii, Baba Mdogo na wenzake watakuwa hapa kwa Mama kama kila Jumapili. Piga simu saa kumi jioni za huku, nami nitaweka sauti ya juu kama siku ile. Sema mafuta yalikuwemo. Sema ulikosea. Sema ni mpira uliokuwa umepasuka, pikipiki ilikuwa kuukuu. Aliyeufunga usimtaje, hata Baba Mdogo akikubana. Mama aliishi na fundi hodari miaka arobaini na moja. Aendelee kuwa naye.

Nisalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mama anakusalimu, na Baba Mdogo pia, ingawa hajui ninaandika nini. Mungu awalinde huko ugenini na awape riziki ya halali.

Ni mimi dada yako, niliyekununia miezi mitano bila kuacha kukupenda.

Kipande cha mpira kiko ndani ya bahasha hii. Hapa nyumbani hakifichiki, Mama anafagia kila pembe, na fundo lile atalitambua hata bila miwani. Kitunze wewe. Tafadhali usilifungue.