Taa Inawaka Kijani, Nami Nimeapa Kunyamaza

Bi Zuena, shikamoo. Mpendwa mshauri wetu, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana hofu niliyonayo imeninyima hata hamu ya kula. Mimi ni mzaliwa wa Ndagoni, hapa Mafia, ila kazi yangu iko Lilongwe, Malawi, ambako nawanoa vijana walioanzisha kampuni zao, nawafundisha kupanga biashara na kusimama mbele ya wafadhili. Nilikwenda kule nikiwa mtu wa kuongea huku natazama chini, na kilichonikuza si vyeti, ni kifua, kwa sababu bibi yangu Hafidha alinilea nikijua kwamba aliyekuja kulia jikoni kwako humtoi nje, unamsitiri, na vijana walipoona wakiniambia jambo halifiki kwa mtu wakaanza kunijia mmoja mmoja, nikapata jina, nikapandishwa cheo, nikajiona nami nimekuwa mtu.

Sasa miongoni mwao yupo binti anaitwa Chikondi, anatengeneza majokofu madogo ya umeme wa jua ya kutunzia chanjo kwenye zahanati za vijijini, na mwezi uliopita alifunga mlango wa ofisi yangu akalia, akasema mawingu yakikaa siku kadhaa jokofu linapata joto ndani, lakini ile taa ya kijani inaendelea kuwaka kana kwamba chanjo ziko salama. Akanishika mikono. "Dada Tasnim, niapie hutamwambia mtu. Nitayarekebisha mwenyewe kabla hayajatoka."

Nikaapa, Bi Zuena, wallahi nikaapa, na nikaona nafanya wema. Hakuyarekebisha. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe kuwa majokofu yameshafungwa kwenye zahanati, chanjo zitaingizwa karibuni, na Mungu atasaidia, nami badala ya kusema neno nikawadanganya wakubwa wangu kwamba mama anaumwa, nikapanda ndege kuja nyumbani. Mama hana hata mafua. Juzi nilimsindikiza dada yangu kumpeleka mwanawe Sabra kuchanjwa, na muuguzi alipotoa kichupa kwenye jokofu nikatetemeka mpaka dada akaniuliza kama nina homa. Naogopa watoto wa watu, naogopa kiapo, naogopa Chikondi atafilisika na vijana wote watasema sina kifua, na hapo kazi yangu itakuwa imekwisha. Nifanye nini?

Tasnim, Ndagoni

Marahaba, Tasnim. Jibu hili nilikutumia kwenye simu saa ile ile niliyosoma barua yako. Gazetini linatoka kwa ajili ya wengine, na majina nimeyabadilisha. Nakuhurumia, na nitakugombeza vilevile.

Bibi yako alikufunza vizuri, wewe ndiye uliyebeba nusu ya funzo. Waliolia jikoni kwake walililia waume, mimba na njaa, aibu zilizowaunguza wao wenyewe. Mmoja wao angemwambia kuwa kisima cha mtaa kimeingia sumu, unadhani angenyamaza? Angetoka mbio bila hata mtandio, akapiga kelele mlango kwa mlango. Kwa majokofu hayo mtoto atachomwa dawa iliyoharibika, mama yake arudi nyumbani ametulia, halafu surua ije imkute hana kinga. Hiyo si sitara, mwanangu.

Kiapo kina kafara. Muulize sheikh wa msikiti wenu, atakueleza namna ya kulisha masikini. Mtoto akishazikwa, huna kafara ya kumlipia.

Na hilo jina la kifua umelipenda kupita kiasi. Umewafundisha vijana wa watu kusimama mbele ya wafadhili na kusifia kazi zao, lakini hujamfundisha hata mmoja kusimama akasema, "Nimekosea." Usingeweza, kwa sababu hujawahi kulisema wewe.

Mpigie Chikondi leo kabla ya adhuhuri. Usimtukane. Mwambie azipigie zahanati zote wasitie chanjo kwenye majokofu hayo, na wewe ubaki kwenye simu anapoyasema hayo, umsaidie maneno yakimkwama. Akikataa, usimbembeleze, zipigie mwenyewe. Kisha wapigie wakubwa wako, uwaambie uliyajua haya tangu mwezi uliopita. Huenda ukapoteza kazi, sikufichi. Sauti itakutetemeka. Sema hivyo hivyo inavyotetemeka, wataelewa.