Kobe wa Masoud na Dawa ya Mbu

Kiponda, Mjini Unguja
20 Rajab 1377

Kwa Mama yangu, Bi Sichana binti Kificho, Kizimkazi.

Shikamoo Mama. Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumai barua hii itakukuta umetulia na goti lako limepungua maumivu. Siku ya arubaini, uliposhuka ngazi zetu, nilisikia unavyovuta pumzi kila kidato, na tangu hapo nakuombea. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu ili usome mwenyewe taratibu, bila kumpa mtu akusomee. Mbele utaona kwa nini.

Leo ni siku ya sabini na mbili ya eda. Nimo chumba kile kile ulichonikalisha. Dirisha la njiani nimelifunga kama ulivyoniagiza, na lile la uani naliacha wazi kidogo nipate hewa. Bi Mwatum, uliyemwachia amana ya kunitazama, ananipikia na kunifulia, ila mdomo wake haupumziki. Huniambia kuwa nimekonda mpaka marehemu akirudi ataniuliza mkewe yuko wapi.

Katika dirisha hilo la uani, kitu nilichokuwa nikikitazama zaidi ni kobe wa Masoud. Unamjua, yule ambaye mwanao alimpa jina la Saa Mbovu kwa kuwa hukawia kila aendako. Akishafunga duka lake la saa, Masoud alikuwa akija na maganda ya papai, anachutama uani, anatia jichoni kile kioo chake cha ufundi na kuhesabu duru za gamba. Kila siku alipata hesabu nyingine, na kila siku aliniapia kuwa hii ndiyo sahihi. Tangu alipofariki, kobe alikuwa akija alasiri kwenye kidato cha chini na kukaa hapo mpaka magharibi. Sisemi kuwa alijua. Nasema alikaa.

Wiki mbili zilizopita watu wa dawa ya mbu waliingia mtaani na mabomba yao mgongoni. Nyumba ya Mzee Zahor ndiyo iliyotangulia. Siku tatu baadaye Bi Mwatum alirudi kutoka huko na habari kwamba mijusi kafiri walikuwa wanaanguka kutoka darini kama kunazi mbivu, paka akawala, na paka mwenyewe siku ya pili akafa akitetemeka. Mama, nilipoyasikia hayo niliangalia uani, nikamtafuta kobe kwa macho.

Walipofika kwetu, mkubwa wao, Bwana Mjaka, alipiga hodi kwa adabu. Bi Mwatum akamjibu kwa nyuma ya mlango kuwa humu mna mtu wa eda, na unyayo wa mwanamume hauingii. Bwana Mjaka akatoa pole, akasema atarudi Alhamisi. Vyumba vyote vitapigwa dawa, na uvungu wa ngazi pia. Mimi nitahamishwa nyuma ya pazia kutoka chumba hadi chumba, wala hakuna jicho litakaloniona. Kuku na paka watolewe siku tatu. Bi Mwatum akamuuliza, na kobe? Nilimsikia akicheka, akasema kobe ana nyumba yake mwenyewe, na avute mlango.

Uvungu wa ngazi ndimo anamolala, Mama. Huramba sakafu, hula kila kinachoanguka. Nilimpelekea salamu shemeji Darwesh aje amchukue, akajibu kuwa nafasi yake ni Jumamosi. Majirani nao wangepigwa dawa siku ile ile. Bi Mwatum nilimwomba ambebe, akaniambia, “Mwanangu, mie sibebi mnyama mwenye shingo ya mkwe wangu.” Kumbe anamwogopa. Nikakaa juu, mlango umefungwa na dirisha la njiani limefungwa, nikahesabu siku mpaka Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi, Bi Mwatum alikwenda sokoni kununua samaki. Mama, nilivaa buibui lake la pili lililokuwa msumarini. Nikashuka, nikamfunga kobe kwa kanga, nikamweka kiunoni ndani ya buibui, nikatoka.

Ni mzito kama mtoto wa miaka miwili. Darajani mwanamke nisiyemjua aliona ninavyolemewa, akaniuliza mwanangu ana nini. Nikasema homa. Akaweka mkono juu ya gamba, kwa juu ya nguo, akaomba Mungu amponye na anikuzie. Nikaitikia amina. Unajua kuwa mimi na Masoud hatukujaaliwa. Nilikwenda na dua ile mpaka Kilimani, kwa shoga yangu Hamda, ambaye ua wake ni wa miti na majani, mbali na kuta. Kobe yuko huko. Anakula majani ya mchicha na hajambo.

Mwalim wa msikiti wetu aliwahi kusema kuwa mtu wa eda mwenye haja hutoka mchana akarudi. Kwa hiyo habari ya kutoka kwangu naitaja tu. Ninalotaka ulijue ni hili.

Haja yangu ilikwisha kabla ya adhuhuri. Ningeweza kurudi. Hamda akakata embe bichi, akatia chumvi na pilipili, tukakaa nje. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma, na nilikuwa sijaupata usoni kwa siku nyingi. Hamda akanihadithia habari ya mumewe aliyekwama juu ya mnazi akimwogopa nyuki mmoja, nikacheka mpaka machozi. Jua lilipoanza kuinama ndipo nilipokumbuka kuwa mimi ni mtu wa eda. Na nikagundua kuwa kwa muda wa saa nzima sikumfikiria mwanao hata mara moja.

Niliporudi dawa ilikuwa imeshapigwa. Bi Mwatum alimwambia Bwana Mjaka kuwa nina homa nimelala, chumba changu wakiache. Hakunigombeza. Alinipakulia wali, akasema maneno haya ameshayameza na samaki wake, wala mtu hatamtapisha. Yeye kayameza, Mama. Mimi yamenikaa hapa.

Zimebaki siku hamsini na nane, nami nitazikaa zote. Kwa kutoka, Mungu anaijua haja yangu. Radhi yako naiomba kwa ile saa moja. Na ukiweza kunipa, nipe kwa kujua kwamba saa hiyo ilikuwa tamu.

Nisalimie Bi Kazija na wote wa nyumbani. Bi Mwatum anakuamkia, anasema ukija uje na mwani wa kukandia goti.

Mimi mwanao,
Bahiya