Mistari Miwili Niliyoifuta kwa Jina Lako

Mpendwa Dada Mariamu,

Nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Nambari yako ya simu ilibadilika, anwani yako siijui na sina uso wa kumwuliza mamako, na hata ningeijua, barua ya siri ningeirarua kabla ya kufika posta. Najijua. Hii nikishaitoa hairudi.

Mimi niko, nimechoka tu. Macho yanataka miwani, nami nayakatalia kama mamako anavyoikatalia dawa ya presha. Kile chumba chetu cha juu, pale Kibokoni, bado ninacho. Ngazi ni zile zile za kuvunja magoti. Humo ndimo ulimonifundisha lugha ya C ya kuandikia programu, wewe binti wa mama yangu mkubwa, karani wa makontena mchana na fundi wa programu jioni, kwa kitabu kilichong'oka kurasa za mwanzo. Ndiyo maana mpaka leo mambo ya katikati nayajua na ya mwanzo nayabahatisha.

Wakumbuka tulivyoiandika ile maktaba ya ujumbe? Ilikuwa furushi dogo la msimbo la kuiwezesha ofisi ya Bwana Mutua, inayotoa mizigo bandarini, kuzungumza na yadi ya makontena. Kompyuta ilikuwa moja, yako, na kila badiliko lililoandikwa humo lilijiandikisha kwa jina lako, hata nilipoandika mimi. Tulicheka. Ukasema, "Siku ukiandika cha maana nitakununulia jina lako."

Nilikuuliza kwa nini kila muunganisho, ile njia ya kupitishia ujumbe kati ya ofisi na yadi, umeutilia hesabu ndani yake.

"Wayajua masufuria ya mtaa?" ukaniuliza.

Nani asiyeyajua? Masufuria makubwa ya arusi na matanga yanakaa stoo kwa mamako. Anayechukua anatia kokwa ya tende koponi, anayerudisha anaitoa. Kopo likiwa tupu, mamako anajua hakuna tena aliye na sufuria, anafunga stoo, analala.

"Basi muunganisho ni hivyo," ukasema. "Kila anayeutumia aongeze moja. Akimaliza apunguze moja. Hesabu ikifika sifuri, hakuna anayeuhitaji, unafungwa na nafasi yake ya kumbukumbu inarudishwa kwenye mashine. Ukisahau kupunguza, haufungwi milele. Ukisahau kuongeza, utafungwa nawe bado wautumia, na hapo ndipo utaona maajabu."

Kazi hizo mbili ukaziita *shika* na *achia*. Na foleni nayo, pale ujumbe unapongoja zamu ya kutumwa, ukaiwekea shika yake na achia yake. Nikabisha: foleni haifanyi kitu, inapitisha tu. Ukanikumbusha yule jirani aliyemwambia mamako, "Mimi silipikii sufuria, nalipitisha tu kwa wifi yangu," na mamako akamjibu, "Mwanangu, likikuangukia mguuni utajua kama umelishika."

Nilicheka, na sikuelewa. Au nilielewa, nikajiona mwerevu zaidi.

Ijumaa ile ulikuwa kazini. Nikaifungua faili ya foleni, nikafuta mistari miwili, shika na achia. Nilitaka ukirudi nikuonyeshe jinsi ilivyokuwa nyepesi. Nikaijaribu, ikafanya kazi, nikaipeleka kwa Bwana Mutua bila kukungoja. Bila shaka ilifanya kazi: mchana ofisi imejaa watu, kila muunganisho una wengine walioushika. Baadaye watu wakapungua. Karani mmoja akatuma ujumbe yadini kwamba kontena la samaki wa barafu lichomekwe umeme. Programu yake ikautia ujumbe kwenye foleni, ikaachia. Hesabu ikafika sifuri. Muunganisho ukafungwa na ujumbe ungali kwenye foleni, haujatoka.

Jumatatu harufu ndiyo iliyotuletea taarifa. Samaki wameletwa Mombasa kwa meli, Mombasa iliyozungukwa na bahari, wakaja kuozea kwetu. Hata hilo halikunichekesha wakati ule.

Nilijua ni mimi. Nilijua tangu asubuhi ile, nikakuacha siku mbili unatafuta, huku nikikuletea chai kama mtu mwema. Ile faili sikuifungua. Anayemjua mwizi hana haja ya kuamka kutazama dirisha.

Kisha kikao. Bwana Mutua ni mtu wa bara, mtu wa kanisa, hapandishi sauti, na hicho ndicho kinachotisha.

"Hii sehemu ya foleni aliandika nani?"

Nikaitazama kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Jina lililopo ni langu," ukasema. "Kosa ni langu."

"Dada Mariamu, una uhakika?"

"Kompyuta yangu, jina langu. Mwache Saidi aendelee na kazi."

Tulipotoka ukaniuliza kama nimekula. Ukaninunulia viazi karai. Nikala vyote, Dada. Hata ukwaju niliulamba.

Hukumaliza mwezi ukahamia bara. Watu wa ofisi zile wakikutaja walisema, "yule wa samaki." Mimi nikabaki na kazi. Niliambiwa nina mkono mzuri, maana tangu uondoke programu haikukosea tena. Nami sikujiuliza kwa nini. Ile faili niliikwepa kama mtu anavyokwepa baraza analoketi mkwewe. Nilijiambia kwamba wewe mwenyewe uliamini umekosea, na huo ndio uliokuwa mto wangu wa kulalia.

Juzi Bwana Mutua akanipigia.

"Saidi, kuna ofisi inataka kumwajiri dadako, kazi kubwa ya programu. Wananiuliza kama ni mtu wa kuaminika. Wewe ndiye ulifanya naye kazi. Niwaambie nini?"

"Wataka jibu lini?"

"Kesho."

Nikasema nitakuja mwenyewe. Nikaketi, nikaifungua historia ya mabadiliko ili nipate ushahidi dhidi yangu, maana najua kuwa bila ushahidi ningeanza kupunguza maneno njiani. Ijumaa ile ipo, mistari miwili imefutwa. Kisha nikateremka kidogo. Jioni ya kuamkia kikao, mistari ile miwili imerudishwa. Mahali pake pale pale. Hakuna hata neno la maelezo.

Sikuirudisha mimi. Na ndani ya chumba kile tulikuwa wawili tu.

Kwa hiyo ulipoketi mbele ya Bwana Mutua ulikuwa umekwisha kujua. Uliponiuliza kama nimekula, ulikuwa unajua.

Asubuhi nilikwenda, nikamweleza yote.

"Dadako alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ulijua lini kwamba alijua?"

"Jana."

Akavua miwani. "Basi yeye amebeba miaka yote hii, wewe umebeba siku moja, na ni wewe unaonekana umechoka."

Aliandika barua ya kukudhamini kwa ofisi ile pale pale, nikiona. Ameandika kwamba kosa halikuwa lako na kwamba angefurahi kama ungekuwa bado kwake. Kisha akaniomba nikabidhi kazi mwisho wa mwezi. Kwa adabu kabisa. Nikamshukuru, sijui kwa lipi.

Wanaokuita yule wa samaki, na wasome hapa: wa samaki ni mimi.

Sikuombi msamaha kwa barua, kwa sababu kwa barua ni rahisi mno, na mambo rahisi nimeyafanya ya kutosha. Ukitaka kunitukana, nitumie jina la mji uliko tu, nije nitukanwe huko huko. Usifunge safari wewe. Ulikwisha kusafiri mara moja kwa kosa langu.

Nakuaga kwa heshima iliyochelewa,

Mdogo wako,
Saidi